Redio ya mtaa ikinyamaza, pesa za shule nani atazifuata?

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni mzazi, nakaa Dandora. Nina watoto wawili katika shule ya msingi ya serikali, mmoja gredi ya nne na mwingine gredi ya nane. Kila muhula tunaitishwa pesa: za madawati, za mlinzi, za mwalimu wa bodi. Tukiuliza, tunaambiwa serikali haijatuma. Zamani redio ya mtaa wetu ilikuwa na kipindi cha asubuhi ambapo mwalimu mkuu au mtu wa ofisi ya elimu aliulizwa maswali hayo hewani. Kipindi kilikufa, watangazaji wakaenda kutafuta riziki kwingine. Mume wangu anasema hayo ni mambo mawili tofauti, pesa za shule ni za serikali na redio ni ya burudani. Mimi naona tangu kipindi kife, mkutano wa wazazi umekuwa vita. Je, nakosea? Na nifanye nini?

JIBU: Sijambo mama, na nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Hukosei. Nimeandika habari za elimu hapa Nairobi kwa miaka mingi, na siku hizi ninawafundisha wanahabari wa mitaani kusoma hesabu za shule. Jambo nililoliona likijirudia Eastlands, Kawangware, Mukuru na Kibera ni hili: pesa za shule hutoka mbali na hufika vipande vipande, na mzazi asipojua kipande gani kimekwama wapi, lawama humwangukia aliye karibu. Aliye karibu ni mwalimu mkuu. Kuna wakati mwalimu huyo hana hatia yoyote. Kuna wakati anayo, ila amejificha nyuma ya maneno "serikali haijatuma" kwa sababu anajua hakuna atakayekwenda kuuliza kama kweli haijatuma. Ukiwa umeketi kwenye mkutano wa wazazi huwezi kumtambua yupi ni yupi, maana wote wawili wanasema maneno yale yale. Mwanahabari wa mtaa ndiye aliyekuwa akikusaidia kuwatofautisha.

Tuanze na pesa zenyewe, kwa sababu hapo ndipo giza ni nene.

Elimu ya msingi bila malipo ilirudi Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia. Watoto walimiminika: nchini kote, wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka uliofuata. Serikali ikatenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 1,420, na hicho ndicho anachohesabiwa mtoto wako wa gredi ya nne. Huyu wa gredi ya nane yuko sekondari msingi, na yeye amewekewa shilingi 15,042. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa amewekewa 22,244 tangu 2018. Walimu huiita pesa hii kapitesheni. Mimi nitaiita mgao.

Sasa chukua 1,420 uigawe kwa siku zipatazo 180 za masomo. Unapata chini ya shilingi 8 kwa siku, pesa ambayo hainunui hata andazi la shilingi kumi pale kibandani. Ni kweli mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, hulipwa kando, na vitabu vya kiada siku hizi hununuliwa na wizara na kuletwa shuleni. Lakini stima, maji, chaki, vyoo, paa linalovuja na dirisha lililovunjika vyote vinautazama mgao huo. Mwalimu wa bodi, yule anayeziba pengo pale TSC haijaleta mtu, hana fungu lake hata kidogo, ndiyo maana mnaitishwa nyinyi.

Chukua shule ya mfano yenye watoto 1,200 wa msingi na 300 wa sekondari msingi ndani ya ua mmoja. Kwa karatasi, mgao wa wale 1,200 ni shilingi 1,704,000 kwa mwaka. Mgao wa wale 300 ni shilingi 4,512,600. Yaani watoto wachache wameletewa zaidi ya mara mbili ya pesa za watoto wengi, wakati wanatumia bomba moja, lango moja na mlinzi mmoja. Tangu sekondari msingi ianze Januari 2023 nimehudhuria mikutano ambako wazazi wa gredi ya nne na wazazi wa gredi ya nane wanagombana bila kujua kwamba wanazungumzia pesa mbili tofauti. Mmoja amesikia "elfu kumi na tano kwa kila mtoto", anapiga hesabu kwa shule nzima, anapata mamilioni, halafu anamtazama mwalimu mkuu kama mwizi. Mama, ugomvi wa namna hiyo huisha kwa dakika tano mtu akiusoma mchanganuo hewani, taratibu, kwa Kiswahili. Usiposomwa, unadumu miaka.

Halafu pesa haziji kwa mkupuo. Utaratibu ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Kwa shule yetu ya mfano, upande wa msingi ungepaswa kupata shilingi 852,000 muhula wa kwanza. Mara nyingi pesa huchelewa, na zikifika huwa zimepungua. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haiwezi kumudu mgao wote wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayesema pesa ni pungufu anaweza kuwa anasema ukweli mtupu. Mwaka huo huo ukaguzi maalum wa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ulieleza kwamba kuna shule zilizotumiwa pesa na ambazo hazipo. Weka habari hizo mbili pamoja: kuna shule iliyopo inayokosa, na kuna isiyokuwepo inayopata. Mzazi akizisikia kijuujuu kwenye taarifa ya saa moja jioni, bila mtu wa kumwambia shule yake iko upande gani, atabaki na hasira tu.

Kuna kipande kingine ambacho watu wengi hawakijui, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu kinaihusu sana mitaa kama yako. Mgao hufuata idadi ya watoto, na kwa miaka mingi idadi hiyo imetokana na mfumo wa kompyuta wa wizara unaoitwa NEMIS, uliodai namba ya cheti cha kuzaliwa ili kumsajili mtoto. Mtoto asiye na cheti yuko darasani, anakalia dawati, anakula chaki sawa na wenzake, ila kwenye mfumo hayupo. Watoto 70 wa msingi wasiohesabiwa wanaipotezea shule shilingi 99,400 kwa mwaka. Watoto 20 tu wa sekondari msingi wanaipotezea shilingi 300,840. Na ni mitaa gani yenye watoto wengi wasio na vyeti? Ile ambayo mama alijifungulia nyumbani, au familia ilihama kutoka kijijini bila karatasi, au nyumba iliungua na kila kitu ndani. Kwa maneno mengine, shule iliyo maskini zaidi ndiyo inayopunguziwa.

Nakumbuka shule moja ya Eastlands ambako niliombwa niketi na wazazi baada ya kikao kuharibika. Walikuwa wameshaandika barua ya kutaka mwalimu mkuu ahamishwe. Tulipolinganisha daftari la mahudhurio la kila darasa na idadi iliyokuwa kwenye mfumo, pengo lilikuwa ni watoto wasio na vyeti. Msichana mmoja wa redio ya mtaa, kijana kabisa, aliichukua habari hiyo na hakuiachia. Kila wiki alirudi kwa chifu, akarudi kwa msajili wa vizazi, akaleta studioni mama aliyeshindwa kupata cheti na kumuuliza alikwama dirisha gani. Mwishowe maafisa wa usajili walikuja wakaweka meza yao pale shuleni. Gazeti kubwa lisingefanya hivyo. Si kwamba waandishi wake hawajali. Gazeti linalosomwa kutoka Lodwar hadi Lunga Lunga haliwezi kurudi kwenye shule moja wiki sita mfululizo, na habari hiyo ilihitaji wiki sita.

Nisije nikakufanya uamini kwamba kila mwalimu mkuu ni malaika. Katika shule nyingine, upande wa magharibi wa jiji, wazazi walichangishwa pesa za madawati mihula miwili, taslimu, bila risiti, kwa madai yale yale kwamba serikali haijatuma. Ilikuwa imetuma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Inaruhusu michango mingine ikiidhinishwa na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, inakataza mtoto kufukuzwa kwa kutolipa mchango huo, na inakataza mtu yeyote kukusanya michango bila kutoa risiti rasmi. Wazazi wa shule ile hawakujua hata moja ya hayo. Walichojua ni kwamba mtoto wa asiyelipa husimamishwa mbele ya gwaride la asubuhi, basi wakalipa.

Ushahidi kwamba habari inaweza kuzisogeza pesa hauko mbali. Uko Uganda. Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia mgao wa shule za msingi za huko kati ya 1991 na 1995 wakakuta kwamba, kwa wastani, shule zilikuwa zinapokea asilimia 13 tu ya pesa zilizotengewa matumizi yasiyo ya mishahara. Shule nyingi hazikupata kitu. Zilizopata zaidi ni zile zenye wazazi wenye uwezo kidogo, wenye kujua mlango wa kubisha. Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, mwezi baada ya mwezi, na shule zikatakiwa kubandika kilichopokelewa. Kufikia 2001 zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Wachumi hao walipima hata umbali kutoka shule hadi mahali gazeti linapouzwa, wakaona kwamba walio karibu na muuza magazeti ndio walionufaika zaidi. Wataalamu wengine wamelipinga dai la kwamba magazeti peke yake ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, kwa sababu wakati huo huo Uganda ilikuwa inarekebisha usimamizi wote wa fedha zake, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi. Karatasi ukutani haimtishi mtu kama hakuna ofisi juu yake inayoweza kumwita. Lakini na hiyo ofisi nayo huamka haraka zaidi ikiwa imesikia jina lake redioni.

Watu huniuliza pia kuhusu Marekani. Huko sehemu kubwa ya pesa za shule hutoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi za eneo lenyewe, na bodi ya shule huchaguliwa kwa kura na kukutana hadharani, kwa hiyo mwandishi wa gazeti la mji ana ukumbi wa kwenda kuketi na daftari lake. Kuna utafiti uliochapishwa 2020 ulioonyesha kwamba gazeti la mji likifungwa, hata gharama ya serikali ya eneo hilo kukopa hupanda, maana mkopeshaji naye anataka kujua nani anawatazama. Sisi tumejengwa tofauti. Uamuzi hufanywa Hazina Kuu na Jogoo House, makao ya wizara ya elimu, kisha pesa huruka moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Kati ya hapo hakuna ukumbi wa kukaa. Ndiyo sababu mwanahabari wetu wa mtaa ana kazi ngumu zaidi: lazima aanzie mwisho wa bomba, pale Dandora, ahesabu kilichodondoka, halafu apande nacho juu.

Na tumemwachia kazi hiyo akiwa na njaa. Majirani zako wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka 2006 ndani ya kontena. Kibera ina Pamoja FM, Mukuru kwa Reuben ina Ruben FM, Dagoretti ina Mtaani Radio. Zote hizi zimetumia masafa yale yale ya 99.9, kila moja ikisikika kwake tu, na ukipanda matatu ukavuka mtaa, sauti inapotea. Udogo huo wa eneo ndio uzuri wake, kwa sababu mtangazaji anayemtaja mwalimu mkuu atakutana naye jioni kwenye stage, hivyo hawezi kuropoka. Ila ndiyo shida yake pia. Kanuni zinazifunga redio za jamii kwenye matangazo ya biashara ya eneo lake, na biashara ya eneo lake ni kinyozi, duka la dawa na mama mboga. Wafadhili huja na mradi wa mwaka mmoja kisha huenda. Kijana anajitolea miezi, anaoa, anapata mtoto, anaacha. Hakuna aliyefukuza kipindi chenu cha asubuhi, mama. Kiliisha kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye koroboi.

Pengo likishakuwepo hujazwa, na nitasema wazi linajazwa na nani. Mwanasiasa hulipia saa ya redio, hutoa "nauli" kwa wanahabari, na kinachosikika kuanzia hapo ni basari. Orodha ya waliopata basari, hafla ya kukabidhi hundi, darasa jipya lililoandikwa jina la mheshimiwa ukutani kwa rangi kubwa. Pesa za darasa hilo zimetoka Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, ambayo ni kodi yako unaponunua sukari, na Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyoiunda inakiuka Katiba. Lakini darasa linaonekana, mgao hauonekani. Jamii isiyo na mtu wa kuielezea mgao hujifunza kuomba basari badala ya kudai kilicho chake. Hilo linabadilisha watu. Nimewaona wazazi werevu, wenye kuendesha vyama vyao vya akiba bila kupoteza senti, wakisimama mbele ya mwakilishi wadi kwa unyonge kana kwamba wanaomba chumvi.

Huyo mwakilishi wadi mwenyewe mara nyingi huulizwa yasiyomhusu. Kwa Katiba ya 2010, kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaani, na shule ya msingi iko chini ya serikali kuu. Chakula cha Dishi na County, kile ambacho mzazi hulipa shilingi 5, ni cha kaunti kuanzia 2023 ingawa kinaliwa katika shule zisizo zake. Ukimuuliza mwakilishi wadi kuhusu madawati ya gredi ya nne, umempa nafasi ya kuahidi kitu ambacho si kazi yake. Kipindi kizuri cha redio humwambia msikilizaji amwulize nani nini. Ni jambo dogo, na limewahi kuokoa mikutano mingi.

Vyombo vikubwa navyo vina lawama yao hapa, na naisema kwa kuwa nilikuwa ndani. Miaka yote ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tulijaza kurasa kwa watoto waliobebwa juu juu na orodha ya shule zilizong'ara. Wazazi walihamisha watoto kwa kufuata orodha zetu. Shule ya serikali iliyokuwa imepokea watoto mara mbili ya uwezo wake mwaka 2003, ikashuka alama, sisi tuliandika kwamba imeshuka. Kuhusu chumba chenye watoto tisini, tuliandika mara moja tukaenda zetu. Tulikuwa tunajua kila kitu kuhusu matokeo ya Desemba na hatukujua lolote kuhusu akaunti ya shule mwezi Mei.

Hata hivyo kamera ya chombo kikubwa ina nguvu yake, nayo tuliiona Lang'ata Januari 2015. Watoto wa Lang'ata Road Primary walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umeuzunguka uwanja wao wa michezo. Walipoandamana kuusukuma, polisi waliwarushia vitoa machozi. Picha zile zilizunguka dunia ndani ya saa chache. Serikali iliomba radhi, ukuta ukaondoka, uwanja ukarudi, na suala la hati miliki za shule za umma likawa agenda ya taifa. Nalitaja kwa sababu ardhi ni pesa za shule pia, pengine nyingi kuliko mgao wa miaka ishirini. Lakini uwanja ule ulikuwa kando ya barabara kubwa, na wanaharakati walikuwa wameita waandishi. Viwanja vilivyoliwa ndani ya mitaa, nyuma ya mabati, ambako hakuna aliyeita mtu, sina hakika kama wewe na mimi tunajua hata vilikuwa vingapi.

Na kuna watoto ambao hawahesabiwi popote. Mitaani Nairobi sehemu kubwa ya watoto husoma katika shule za watu binafsi, za makanisa na za vikundi, zile zinazoitwa APBET, kwa sababu ya serikali iko mbali au imejaa. Kibera, vijana waliochora ramani ya mtaa wao kuanzia 2009 chini ya Map Kibera, pamoja na wenzao wa Kibera News Network waliokuwa wakipiga video, walikwenda baadaye shule kwa shule wakiuliza: ina watoto wangapi, ina choo, inatoza kiasi gani, imesajiliwa? Walipata zaidi ya shule 300. Kwa ramani rasmi za kabla ya hapo, Kibera ilionekana kama kichaka. Hiyo kwangu ni uandishi wa habari wa hali ya juu kabisa, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Septemba 2019 darasa la shule moja ya binafsi huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka likaua watoto, na siku zile kila mtu aliuliza ni nani aliyekuwa akikagua majengo yale. Swali hilo lilihitaji kuulizwa mwaka mmoja kabla, na mtu anayepita pale kila siku.

Sasa mumeo. Ana haki upande mmoja: redio haileti pesa, na mtangazaji akifika studioni na uvumi badala ya karatasi anaweza kuivunja shule. Nimeona shule ikikimbiwa kwa madai ambayo hayakuwa kweli, na waliobaki ni watoto wa wazazi wasio na nauli ya kuwapeleka kwingine. Kwa hiyo msifufue kipindi cha kufokeana. Fufueni kipindi cha karatasi, ambacho mwalimu mkuu anaalikwa kabla ya habari kutoka, sio baada yake. Redio ndogo huogopa kushtakiwa, na hofu hiyo ina msingi. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa Februari 2017, lakini kesi ya kudai fidia ingalipo na inaweza kuifilisi studio. Kinga yake ni kusoma tarakimu zilizoandikwa na shule yenyewe, na kumpa mwenye shule nafasi ya kueleza.

Hizo tarakimu utazipata vipi? Katiba, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, hulipii kuomba, unaweza tu kulipia nakala. Shule ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Isipojibu au ikikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ofisi ya Ombudsman. Huhitaji wakili.

Usiombe "hesabu zote za shule", utapewa kisogo. Omba vitu vitatu vya mwaka huu: tarehe na kiasi cha kila mgao ulioingia, wa msingi kando na wa sekondari msingi kando; idadi ya watoto waliomo kwenye mfumo wa wizara ikilinganishwa na waliomo kwenye daftari la darasa; na barua ya kuidhinisha michango mnayoitishwa. Hicho cha tatu ndicho kitakachokuonyesha haraka mwalimu wako mkuu ni wa aina gani kati ya wale wawili. Kabla ya kuandika, mwone ana kwa ana, mwambie unakuja na barua na kwa nini. Wengi hutoa karatasi hapo hapo, na wengine hushukuru, kwa sababu wamechoka kuitwa wezi.

Tafuta pia wale wazazi wenzako walio kwenye bodi. Kifungu cha 56 cha ile Sheria ya Elimu ya Msingi kinataka bodi iwe na watu sita waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi. Ukikuta hakuna mzazi anayewajua kwa majina, basi hapo una habari yako ya kwanza ya kipindi, hata kabla ya kugusa shilingi. Kuhusu redio, sikushauri muanze kwa kutafuta mitambo au mfadhili. Nenda kwa mtangazaji mmoja aliyebaki na umwombe dakika kumi na tano kwa wiki, siku na saa ile ile. Wazazi wa shule tatu au nne jirani wakichanga hela kidogo za nauli yake na vocha, inatosha kuanza, mradi hela hizo zitajwe hewani na zisitoke kwa shule wala kwa mwanasiasa yeyote.

Barua yako itengenezee nakala mbili. Moja uiache ofisini, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa mbele yako, kisha urudi nayo nyumbani, kwa sababu zile siku 21 zitahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.